Vikombe vya Juu ya Nguzo

Huko Gerezani, mahali ambapo vyuma chakavu hupimwa na kupangwa mafungu tangu alfajiri, nilimkuta kijana amekalia ndoo iliyopinduliwa, nyundo mkononi na kiroba miguuni. Ndani ya kiroba mlikuwa na insuleta saba za kauri za rangi ya kahawia, zile ambazo hukaa juu ya nguzo za umeme na kushika waya. Nyingine alikuwa ameshazivunja, na vipande vyake vilitapakaa mchangani kama mabaki ya sahani baada ya ugomvi wa nyumbani. Kila alipopiga, kauri ilipasuka, naye akaokota pini ya chuma iliyokuwa imekazwa ndani kwa saruji, akaikung'uta na kuitupa upande wa mizani. Nilimwuliza kwa nini asiziuze zikiwa nzima. Akanijibu bila kuinua macho: "Mzee wangu, udongo hauna bei. Bei ni ya chuma."

Ukitaka kujua kwa nini insuleta kongwe zimekuwa adimu Dar es Salaam, jibu ni hilo. Katika nchi ambako watu huzikusanya kwa wingi, kitu huitwa adimu kwa sababu kiwanda kilitengeneza vichache, au kwa sababu rangi fulani ilitoka tanurini kwa bahati mbaya. Kwetu uadimu una chanzo kingine. Insuleta zililetwa kwa maelfu, zikakaa juu ya nguzo miongo mingi zikivumilia jua na chumvi, kisha laini zilipobomolewa zikateremshwa na kuangukia mikononi mwa watu ambao, kwa haki kabisa, walihitaji kile kipande cha chuma kilichomo ndani. Kauri ilikuwa ganda la kumenya.

Kabla sijatoa fedha, nilimwuliza yule kijana zimetoka wapi. Hilo huliuliza kila mara na siruki hatua hiyo, kwa kuwa insuleta iliyoibwa kutoka laini inayofanya kazi inaweza kumwua mtu, na anayeinunua hana cha kujitetea. Alinieleza habari ya ghala la zamani la kiwanda huko Barabara ya Pugu lililokuwa likibomolewa, na nguzo za ndani ya uwanja wake zilizong'olewa pamoja na mapaa. Siku iliyofuata nilikwenda kuona kwa macho yangu, nikakuta ni kweli. Nilizichukua zote saba kwa bei ya chuma kilichokuwamo, nikaongeza kidogo kwa ajili ya usumbufu, na kijana akaniangalia kama mtu anayemsikitikia mzee.

Nilianza shughuli hii bila kujua kwamba ni shughuli. Mjomba wangu alikuwa fundi laini, mmoja wa wale waliopanda nguzo kwa mkanda na viatu vya meno, na juu ya meza yake palikuwa na insuleta moja nyeupe iliyokandamiza karatasi. Sisi watoto tuliita vitu vile vikombe vya umeme, tukiamini kwamba umeme humiminwa humo kama chai. Mafundi husema insuleta. Kamusi za sayansi zina neno kihami, ambalo ni zuri, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitamka akiwa juu ya ngazi. Mjomba alipostaafu alinipa ile nyeupe, akaniambia ina umri kumzidi yeye. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa akisema kweli.

Jambo lililonivuta mwanzo ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili kauri ni yule kombe mdogo anayeng'aa wa baharini, na ni chombo cheupe cha udongo wa kuchomwa kitokacho Uchina. Waitaliano nao walipoviona vyombo vya Kichina waliviita porcellana, jina waliloliita kombe huyohuyo, na kutoka hapo ndipo lugha nyingi za Ulaya zilipopata neno lao. Watu wa bahari mbili waliangalia kitu kimoja, wakakumbuka kombe mmoja. Na watu wa pwani yetu hawakungoja umeme ili waweke kauri juu ya nguzo: pale Kunduchi, kwenye makaburi yenye minara, wajenzi wa karne ya 18 walipachika sahani na bakuli za Kichina katika mawe ya matumbawe. Nyingi zimebanduliwa, na leo unaona tundu la mviringo mahali bakuli lilipokuwa. Kila nipitapo pale huwaza kwamba yule aliyezibandua naye alikuwa na hesabu yake ya bei.

Turudi kwenye umeme. Waya wa juu ya nguzo, kwa kawaida, hauna ganda lolote. Kinachouzuia kupitisha umeme kwenye nguzo hadi ardhini ni hewa inayouzunguka na insuleta inayoushika. Kazi hiyo yaonekana rahisi mpaka mvua inyeshe. Maji yenye uchafu hupitisha umeme, na insuleta iliyolowa mwili mzima ni daraja. Kwa hiyo waundaji waliipa umbo la kengele, na chini ya kengele wakaweka kengele nyingine, ili mvua ikilowesha ganda la nje, sketi ya ndani ibaki kavu. Mkondo mdogo unaojaribu kutambaa juu ya kauri hulazimika kushuka sketi ya kwanza, kupanda ndani yake, kushuka ya pili, na kupanda tena kabla haujafika kwenye pini. Njia hiyo ikirefushwa vya kutosha, mkondo huchoka.

Adui mkubwa hapa kwetu si mvua kubwa. Masika huosha insuleta bila malipo. Adui ni ile miezi mikavu, ambapo upepo wa baharini huleta chumvi kidogo kidogo na vumbi la barabarani likaikalia, na ganda lote likawa na ukoko usioonekana kutoka chini. Likiwa kavu halina madhara. Kisha unashuka umande wa alfajiri, au manyunyu ya kwanza ya vuli, chumvi inayeyuka bila kuoshwa, na mkondo unapata njia. Mjomba alikuwa akisema kwamba ukisikia nguzo inanong'ona alfajiri, usisimame chini yake. Baadhi ya insuleta nilizo nazo zina michirizi ya hudhurungi iliyoungua juu ya ganda, alama ya usiku ambapo umeme uliruka. Mkusanyaji wa kwingine angeziita zilizoharibika. Mimi huziweka mbele.

Umeme wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1908, chini ya utawala wa Wajerumani, ukihudumia karakana za reli na ile sehemu ya mji walikokaa Wajerumani wenyewe. Reli ya Kati ilikuwa imeanza kujengwa hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kandokando yake zilikwenda nguzo za telegrafu zikiwa na vikombe vyake vyeupe. Vikombe hivyo vya posta ya Kijerumani vilikuwa vya umbo moja lililowekewa viwango, kengele mbili moja ndani ya nyingine, kwa ukubwa wa namba tatu, na kubwa kuliko zote ikiitwa namba I. Umbo hilohilo lilitumika pia kwenye laini za umeme wa volti ndogo, ndiyo maana mtu akikuletea kikombe cheupe na kusema ni cha umeme wa Mjerumani, hawezi kujua kama ni cha umeme au cha telegrafu isipokuwa ajue kilisimama wapi. Ile nyeupe ya Mjomba ni ya namba hiyo ya kwanza. Alisema aliichukua ukutani mwa banda la reli lililokuwa likivunjwa, na kwa sababu alisema hivyo, na akataja banda, naijua ni nini. Angenyamaza ningekuwa na bakuli la kupindua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wengi ambao nimewahi kuona mikusanyo yao kwa picha. Wamarekani, ambao wana chama chao cha kitaifa tangu 1973, wamefanya kazi ya ajabu ya kuorodhesha maumbo: za kioo zina namba zinazoanza na herufi CD, za kauri namba zinazoanza na U, na kila ukingo na kila mfuo wa kichwani una mahali pake kwenye orodha. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini naona rafu nyingi zenye insuleta zilizooshwa hadi zikameta, zimepangwa kwa rangi, na hakuna hata moja yenye jina la barabara. Mimi kila moja huifungia kikaratasi kwa uzi: nguzo ipi, mtaa upi, nani aliyeishusha, mwaka gani, na kama sikuuona ubomoaji mwenyewe, nani aliyenisimulia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliupokea umeme wa mji, na mwaka 1931 kazi iliwekwa mikononi mwa kampuni mbili binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na wilaya zake, na TANESCO, ambayo wakati huo T yake ilikuwa ya Tanganyika. Hii ya pili ndiyo iliyojenga mitambo ya maporomoko ya Pangani katika miaka ya 1930 na kupeleka umeme Tanga na kwenye mashamba ya mkonge. Serikali ilinunua hisa za kampuni zote mbili mwaka 1964, zikaunganishwa, na mwaka 1968 jina likabadilika kuwa la Tanzania. Historia hii yote unaweza kuisoma vichwani mwa nguzo, kwa kuwa kila mwenye laini aliagiza kauri kwa wenzake: Mjerumani kwao, Mwingereza kwa wafinyanzi wa Staffordshire, na baadaye zikaja za Nagoya, Japani, ambako kampuni iliyoanzishwa mwaka 1919 inabeba neno gaishi, yaani insuleta, katika jina lake la asili.

Alama za viwanda hupatikana kwa mtu mwenye subira. Nyingine zimepigwa chapa kwenye udongo kabla haujachomwa, hivyo unazihisi kwa kidole hata zikiwa na masizi. Nyingine zimechapwa kwa wino wa kijani au wa buluu chini ya glezi, lile ganda la kioo linalong'aa, na hizo hazifutiki kamwe. Maneno yanayotaja nchi ya asili yanasaidia kukisia umri, kwa sababu desturi hiyo ilienea baada ya sheria ya alama za bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1887, iliyokusudiwa kuwaaibisha Wajerumani na badala yake ikawatangazia biashara.

Pasipo na alama, ninaonja. Wageni wangu hucheka, lakini kipimo hiki ni cha kweli. Kauri ya insuleta huchanganywa kaolini, ule udongo mweupe, pamoja na madini ya kwatsi na feldispa, na kuna njia mbili za zamani za kuifinyanga. Katika njia kavu, unga wenye unyevu kidogo hushindiliwa kwenye kalibu ya chuma. Ni rahisi na ya haraka, lakini huacha vinyweleo, na kauri yake hufaa kwa volti ndogo tu. Katika njia ya maji, udongo laini huundwa kwa gurudumu na kalibu, hukaushwa polepole, kisha huchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,200 mpaka feldispa iyeyuke na kujaza kila upenyo. Ukigusa kwa ulimi mahali palipomeguka, ya njia kavu hunata, kwa sababu hunywa mate. Ya njia ya maji ni baridi na laini kama kioo. Wanaoona haya hutumia tone la wino, ambalo hufutika kwenye ya pili na kubaki doa kwenye ya kwanza. Nikiwa na muda, huigonga pia kwa kucha: nzima hulia, yenye ufa uliofichika hunung'unika. (Kaolini, kwa njia, tunayo nyingi katika vilima vya Pugu, kilomita chache kutoka lile ghala nililolitaja.)

Tofauti hiyo ya njia mbili ndiyo iliyoamua umeme ungesafiri umbali gani. Mwaka 1891, kwa ajili ya maonyesho ya umeme ya Frankfurt, Ujerumani, umeme ulipelekwa kutoka maporomoko ya Lauffen umbali wa kilomita 175 kwa volti 15,000 na zaidi, na waundaji, wasioiamini bado kauri yao, waliweka mifereji ya mafuta ndani ya sketi ili mkondo usitambae. Miaka mitano baadaye, Novemba 1896, umeme wa Niagara ulifika Buffalo kwa volti 11,000, ukiwa juu ya insuleta za kauri zenye umbo la kofia ya chuma ya askari na ukingo uliochongwa kama mlizamu, ili maji yadondoke mbali na mkono wa nguzo. Nyuma ya kazi hiyo alikuwapo Fred Locke wa mji wa Victor, jimbo la New York, aliyewahi kuwa mpiga telegrafu na ambaye wakusanyaji humwita baba wa insuleta za kauri. Volti 11,000 zilizokuwa ajabu ya dunia ndizo zilezile zinazopita leo nje ya dirisha langu Ilala, na hakuna anayeinua macho.

Insuleta ninayoipenda kuliko zote ni ndogo na haina sifa. Ni lile yai la kauri linalofungwa katikati ya waya wa stei, waya wa mshazari unaozuia nguzo isilale. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba waya wa umeme ukikatika na kuangukia stei, mpita njia anayeushika kwa chini hafi. Limetobolewa matundu mawili yanayopishana, na vitanzi vya waya vimepitishwa humo kwa namna ambayo kila kimoja kimekumbatia kingine, na kauri imebanwa katikati yao. Kauri ni dhaifu sana ikivutwa na imara mno ikibanwa, kwa hiyo kadiri nguzo inavyovuta, ndivyo yai linavyokandamizwa mahali lilipo na nguvu. Na likivunjika, vitanzi bado vimeshikana na nguzo haianguki. Ninalo moja lililopigwa jiwe na watoto likapoteza robo yake, lakini lilikaa hivyo likifanya kazi kwa miaka mingi Magomeni.

Nimewahi kuharibu pia, na sitaficha. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kutoka shamba moja la mkonge upande wa Muheza insuleta ya kahawia iliyoiva kama asali, yenye wino wa kiwanda cha Kiingereza chini ya glezi na pini iliyoozea ndani. Nilitaka kuitoa pini ili niione sehemu ya ndani. Badala ya kungoja, niliipasha pini moto kwa mwali wa gesi, nikidhani saruji ingelegea. Chuma kikipata joto hutanuka kuliko kauri, na hilo nililijua tangu shule. Nililijua na bado nikafanya. Ilipasuka kwa mlio mmoja kama nazi, ikawa vipande vitatu, wino ukakatika katikati ya jina. Baadaye nilielewa kwamba nilifanya kwa dakika mbili kile ambacho kutu hufanya kwa miaka arobaini juu ya nguzo, maana chuma kinachoshika kutu nacho hujaa, husukuma saruji, na saruji huisukuma kauri kutoka ndani. Vipande nimeviweka kwenye sanduku bila kuviunga kwa gundi, pamoja na kikaratasi chake.

Sheria haiwezi kutusaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na umeme wetu ulianza miaka 45 baada ya hapo. Bakuli la Kunduchi lina ulinzi. Kikombe cha karakana ya reli hakina, isipokuwa mwenye mamlaka atamke vinginevyo. Wala siwalaumu wanaobadilisha kauri kwa insuleta mpya za mpira wa silikoni. Ni nyepesi, hazivunjiki kwa jiwe, na chumvi haizielemei sana kwa sababu maji hujikunja matone juu yake badala ya kutandaa. Ila ukizigonga hazilii.

Kwa sasa macho yangu yako kwenye nyumba moja ya ghorofa mbili katika mitaa ya Kisutu, yenye roshani ya mbao na dirisha lililozibwa kwa mabati. Chini ya paa, mahali ambapo zamani umeme uliingia kutoka barabarani, kuna mkono wa chuma wenye vikombe vinne vyeupe vidogo, vya mtindo wa kengele mbili, na waya uliokatwa bado umefungwa kwenye shingo ya mmoja wao. Nimepita chini yake kwa miaka, nikiridhika kwamba viko mahali pake, na mahali pake ndipo bora kuliko rafu yangu. Wiki mbili zilizopita waliweka uzio wa mabati na bango la jengo jipya. Nilimwendea fundi msimamizi, nikamwamkia, nikamweleza ninachotaka, na nikamwomba vijana wasivipige nyundo. Alivitazama muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Vile vikombe tu? Chuma chake je?"

Nikamwambia chuma abaki nacho chote.

"Basi njoo Jumamosi mapema, mzee," akasema, "kabla hawajaanza paa. Ngazi uje na yako."